Mkwe Wangu Hajawahi Kuniona Nikitafuna

Jumatatu, 7 Julai 2025

Sabasaba. Wengine wanakula pilau, mimi nipo kwenye mfereji. Zamu yangu ya maji, na nani kafungua mlango wa juu? Veronika! Ameinua ubao wote, maji yanakimbilia kwake, naye amesimama katikati ya vitunguu vyake kama hakuna Mungu. Nikamwambia shusha mlango. Eti mama Anitha una hasira siku hizi, una nini? Nina nini! Nina vitunguu vinavyokauka, ndicho nilicho nacho.

Kingine sikumwambia. Wala sitamwambia mtu.

Nakiandika hapa tu. Damu imerudi. Mimi! Hedhi iliniaga kabla Anitha hajaolewa, na sasa Anitha ana watoto wawili. Juzi lilikuwa tone, nikasema ni kuinama sana shambani. Leo si tone. Nimefua gagulo nyuma ya nyumba kama mwizi.

Jumatano, 9 Julai 2025

Gari la matangazo limepita. Spika juu, vumbi chini. Kina mama wote mjitokeze zahanati wiki ijayo, kupima saratani ya mlango wa kizazi, bure. Na linapita wapi? Sokoni, mbele ya wanaume wanaopakia vitunguu kwenye malori! Wapakiaji wakaanza kucheka. Mmoja akauliza mlango gani huo, una kufuli? Nikamjibu: ni ule uliopitia wewe, mpumbavu, na mama yako mpaka leo anajuta. Dereva wa lori kashuka kabisa kuja kuniangalia.

Lakini nimerudi nyumbani neno linanizunguka kichwani. Mlango! Mimi nikisema mlango, nasema ubao wa mfereji. Mathias mwenye duka akisema mlango anasema kodi — kila siku analia kwamba amepanga milango miwili na wateja ni wa mlango mmoja. Katekista yeye ni Yohana mlango wa nne, vijana wanamsahihisha eti siku hizi ni sura, naye hasikii. Na kwetu Buger wazee wakisema mlango ni tumbo moja la ukoo, huoi mtu wa mlango wenu, utalaaniwa. Neno lile lile! Kila mtu kalishika upande wake na anaona ni lake. Sasa watu wa hospitali nao wamelichukua wakalitia tumboni mwangu.

Sikuulizwa.

Na usiku wote nalifikiria hilo la mwisho tu, yale mengine yamekimbia.

Ijumaa, 11 Julai 2025

Veronika kaja, kaketi bila kukaribishwa, kajimiminia chai. Anaenda kupima, eti twende wote. Kanieleza kila kitu kwa sababu wifi yake alipimwa Karatu. Unapanda kitandani, unapanua miguu, wanaingiza chuma, wanapaka siki. Siki! Ya kachumbari! Pakigeuka peupe ujue kuna jambo.

Nikamuuliza, na anayeangalia ni nani?

Akasema si ni mkwe wako Koinet, kwani zahanati yetu ina daktari mwingine? Akacheka. Una bahati mama Anitha, wewe foleni haikuhusu.

Nimeimwaga chai yake yote. Nikasema ilikuwa na nzi.

Koinet. Mume wa Anitha, kijana wa Kakesio, Mmasai wa heshima mpaka inachosha. Haingii ndani nikiwemo. Anakohoa nje, natoka kwa nyuma naenda jikoni, ndipo anapita. Hatuli pamoja. Mkwe wangu hajawahi kuniona nikitafuna! Jina langu halitamki. Ananiita Paashe, kwa ajili ya ng'ombe mtamba aliyetuletea alipomwoa Anitha, nami namwita Paashe vilevile. Ndiyo desturi yao. Sisi Wairaqw mkwe tunamwonea haya, ndiyo, lakini si kwa kukimbiana hivi. Mwanzoni nilinung'unika. Nimezaa mtoto, sasa najificha jikoni kwangu mwenyewe? Baadaye nikaionea raha. Nikatamba nayo mpaka kanisani: nani mwingine Mang'ola nzima anaheshimiwa na mkwe namna hii?

Sasa huyo huyo ndiye aje aangalie! Kwa tochi!

Afadhali nife. Nimeandika, basi.

Jumapili, 13 Julai 2025

Sikwenda kanisani. Niliogopa kusimama, benchi lisije likaonekana lina damu.

Kwa kukosa kwangu kanisani Anitha kaja mbio kutoka nyumba za zahanati, bado na viatu vya kanisa. Mama unaumwa? Siumwi. Mbona umekaa juu ya gunia? Nakaa ninapotaka, nyumba ni yangu. Akaniangalia. Huyo mtoto macho yake kayatoa kwangu, hayadanganyiki. Akaenda nyuma, akarudi na gagulo mkononi. Lilikuwa halijatakata.

Akasema, tangu lini?

Nikamwambia mlango wangu ulishafungwa zamani, hakuna cha kupima. Hakucheka. Akasema mama, hilo ndilo baya, uliofungwa hautoi damu. Nikamgombeza. Nikamwambia mumeo asijue. Akaanza kulia — nimfiche mume wangu kwamba mama yangu anakufa, na yeye ndiye daktari? Nikasema nani anakufa, futa kamasi.

Tumeafikiana: Karatu. Hospitali kubwa, kwa watu wengine. Jumanne. Anitha anataka anisindikize, nimekataa, ana darasa la kufundisha. Ameapa kumwambia Koinet kwamba naenda kupima macho.

Kumbe na mimi naweza kumfundisha mtoto uongo.

Jumatatu, 14 Julai 2025

Damu tena. Nyingi. Maji ya mfereji leo nimemwachia Veronika, akaja kuuliza kama nimeokoka.

Kesho Karatu. Nitamkuta daktari nisiyemjua, asiyenijua, asiye na heshima yoyote kwangu. Huyo ndiye ninayemtaka.

Tumbo la chini linavuta. Ninaogopa. Hakuna anayesoma, kwa hiyo naandika tena: ninaogopa.

Jumanne, 15 Julai 2025

Sipo Karatu. Nipo kitandani zahanati, herufi zinapanda na kushuka. Nikiacha kuandika nitapiga kelele, kwa hiyo naandika.

Ilikuwa stendi. Basi limekuja, nimeinua mguu nipande, na kitu kikafunguka. Nimehisi joto mpaka kwenye kandambili. Watu wakarudi nyuma. Wapakiaji wale wale! Wamesimama na magunia mabegani. Veronika alikuwa hapo anauza vitunguu vyake vya rejareja. Huyu Veronika! Kavua kitenge chake mwenyewe kanizungushia, kabaki na gauni tu, kawageukia: mnatazama nini, hamjazaliwa na mwanamke? Wewe lete pikipiki! Kanipakiza katikati, yeye nyuma amenikumbatia, njia nzima ananiambia mkaidi, mkaidi, mkaidi wewe. Sikuwa na nguvu ya kumjibu. Mara ya kwanza hiyo.

Nesi Antonia ndiye kanipokea. Msichana wa Moshi, anaongea kama redio. Bibi panda hapa, bibi legeza, bibi chuma ni cha baridi kidogo. Kikawa cha baridi sana. Akainama na tochi yake.

Redio ikazimika.

Nikasema, sema. Akasema bibi, kuna kinyama. Kinavuja. Nimejaribu kukandamiza, mkono wangu haushiki. Daktari lazima aone mwenyewe azibe, vinginevyo gari la wagonjwa haliwezi kukuondoa hapa. Barabara ni ndefu, na damu haisubiri.

Nikamwambia hapana. Akasema bibi! Nikamwambia umesikia.

Ametoka. Veronika yuko kichwani kwangu, amenishika bega kama nitatoroka. Nitoroke na miguu ipi?

Sasa nje ya pazia mtu amekohoa.

Namjua. Miaka yote hiyo nikisikia kikohozi hicho naondoka. Leo nimejaribu kuinuka! Mwili wenyewe ulitaka kwenda jikoni. Veronika kanirudisha chini.

Amesema, Paashe.

Nimefumba macho.

Amesema tena, sauti ya chini, anasema na ukuta, si na mimi. Paashe, usiponiruhusu sitaingia. Nitakaa hapa hapa. Lakini nitakaa nikihesabu dakika, na Anitha yuko njiani, na nitamwambia nini?

Veronika ananinong'oneza kwa hasira: mwambie aingie! Nimemwambia anyamaze, huu si mfereji. Machozi yanamtoka huyo mwanamke, yananidondokea shingoni.

Nayaona matone ya dripu niliyotundikiwa na nesi. Miguu imeanza kupoa.

Sitaki kufa. Kumbe ile ya Ijumaa niliandika kwa kiburi tu.

Nimemwambia Veronika achukue kanga yangu anifunike uso. Wote, mpaka kidevu. Mkwe asimwone mama mkwe. Aliye chini ya kanga ni mgonjwa, hana jina, hajawahi kumkimbia mtu kwenda jikoni. Ameelewa. Anaikunjua. Amesema weka hiyo kalamu. Nimesema bado.

Nimeita: Paashe!

Akaitika: naam.

Nimemuuliza kwa sauti ya kugombeza, sauti yangu ile ile, zahanati nzima imesikia: umenawa mikono?

Maji yanamwagika kwenye beseni. Anasugua. Anasugua kwa muda mrefu, na anapumua kama mtu aliyepanda mlima.

Nimemwambia asugue na kucha, halafu aingie. Veronika anashusha kanga, anavuta kalamu