Matundu kwenye Shabaha ya Xaver

Isenthal, Jumapili baada ya misa

Mwanangu Agatha,

Bibi yako Kreszenz anakusalimu, mguu bado unamsumbua. Kaka yako Melk anakusalimu, na mkewe, na mtoto wao, sasa anatembea. Ng'ombe Flora amezaa ndama jike. Baba yako yupo, anakohoa kidogo.

Mwanangu, tangu siku ile uliposhika bunduki mara ya kwanza mashindanoni hujatuandikia. Najua yalikuchoma maneno ya baba yako mbele ya kijiji kizima: "Mita mia tatu, na risasi zote zimekwenda kuchunga mbuzi. Kafume soksi, binti." Watu wakacheka, nawe ukapanda basi kurudi Zürich bila hata kahawa.

Sasa sikia. Juzi kilabuni jirani yetu Xaver alilewa akasema, "Siku ile ya mashindano shabaha yangu ilikuwa na matundu mengi kuliko risasi nilizopiga. Na mimi na macho haya mabovu, katikati nimeanza kupapata lini? Nikanyamaza, nikachukua nishani."

Shabaha yake ilikuwa kando ya yako, Agatha. Ulilenga ya jirani, kosa la wengi wanaoanza, lakini ulipiga katikati.

Baba yako akasimama palepale kilabuni akawaambia, "Mlimcheka binti yangu kwa sababu yangu. Haya, nichekeni mimi." Hakuna aliyecheka.

Anataka kuja kukuomba radhi. Suti ya kanisani ameshaitoa, ila anaogopa utamfungia mlango. Jibu upesi mwanangu, hata neno moja, nimwambie apande basi au asipande.

Mama yako,
Walburga