Kikombe cha Pili cha Mwalimu Mkuu

Ibra, Oman, Jumanne

Ati Kiarabu na Kiingereza vinatosha! Miaka tisa nimefundisha Kifaransa Bujumbura. Leo nimekwenda shule ya serikali anayosoma binti yangu Asma, nikaomba nikifundishe bure. Mwalimu mkuu akacheka. "Ukhti, anayetaka Kifaransa ampeleke mwanawe shule za kulipia, Maskati."

Nikatikisa kikombe cha kahawa alichonipa kumwonyesha kwamba imetosha, niondoke zangu. Akanimiminia tena. Akasema mwanawe mwenyewe anakwenda kusoma Ufaransa. Je, naweza kwenda kumfundisha nyumbani kwake kila alasiri?

Nikanywa. Nikasema inshallah.

Njiani Asma akaniuliza yule mwalimu alikuwa anataka nini. Nikamjibu kwa Kifaransa, kusudi. Hakuelewa hata neno moja, na kwa hilo siwezi kumlaumu mwalimu mkuu.