Ndege ya Awadh Uwanjani Gongoni

Kituo cha polisi, Wilaya ya Kilifi. Jumatatu, 6 Septemba 1982.
Shahidi: Athman Shee Lali, miaka 48, mwalimu wa historia, mkazi wa Mambrui.

Nimesomewa dai la Koplo Gerishom kwamba Awadh Mbarak "alikataa amri ya askari na kumtishia kifo kwa ndege." Hakuikataa. Amri yenyewe haikutekelezeka, nami nitaeleza sababu.

Awadh ni muuza vitambaa mjini Malindi. Ndege ameiunda mwenyewe kwa mbao nyepesi na hariri, na urefu wake haupiti mkono wangu. Injini yake ni ndogo kama kidole gumba. Haina redio. Imefungwa nyaya mbili za chuma zinazoishia kwenye kishikio; mrushaji husimama katikati na kuzunguka nayo. Haiendi popote nje ya duara lake.

Mnamo tarehe 5 Septemba, saa kumi alasiri, tulikuwa kwenye uwanja mkavu nyuma ya mashamba ya chumvi, Gongoni. Mimi ndiye niliyeishika ndege injini ilipowashwa. Awadh akanitania, "Mwalimu, ishike kama unavyoshikilia ubishi wako." Nikaiachia, ikapaa.

Landrova ikafika. Koplo Gerishom na askari mwenzake wakashuka na bunduki. Tangu wanajeshi wa anga walipojaribu kupindua serikali mwezi Agosti, sote tunajua neno ndege linavyosikika masikioni mwa askari. Koplo akapaza sauti, "Wewe! Simama! Mikono juu!"

Akisimama tuli asizunguke, nyaya zitamzonga. Akiinua mkono, ndege itapanda ghafla na kujibwaga. Akiachia kishikio, itatoka kama jiwe la kombeo. Nayo injini haizimiki mpaka mafuta yaishe. Basi Awadh akazidi kuzunguka, na mtutu ukamfuata. Koplo akaingia ndani ya duara.

Awadh akalia, "Afande, toka hapo, itakuua!"

Nami nikapiga kelele, "Lala chini, baba! Lala!"

Koplo akalala. Waya ukapita juu ya kofia yake. Hicho ndicho kinachoitwa kitisho: mtu aliyeelekezewa bunduki akimwokoa aliyeishika.

Nikasikia bunduki ya yule wa pili ikikokiwa. Nilijikojolea, andika hivyo hivyo. Kisha mafuta yakaisha, ndege ikashuka, na Awadh akaweka kishikio chini, akainua mikono. Wakamtia garini.

Asubuhi hii mkewe, Bi Mastura, ameleta chai hapa. Ameambiwa hakuna mtu wa jina hilo.

Mkuu wa kituo, nawe mwendesha mashtaka: mtoeni Awadh aonekane na mkewe leo hii, kisha mfikisheni kortini Malindi mbele ya watu. Na mimi niiteni, maana ndege niliiachia mimi. Nimeyasema haya kwa hiari, na sirudi nyuma.

(Sahihi) A. S. Lali

Nimeyaandika na kumsomea shahidi, naye amekiri ni maneno yake. Ametakiwa kufuta habari ya mke wa mshukiwa. Amekataa. Anabaki kituoni.
Konstebo Simeon Maina, saa sita mchana.