Sijatupwa Mimi

4 Februari

Kwako mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, cherehani haijambo, mama hajambo kidogo. Habari za huko, na hiyo kazi mpya ya bohari? Simu yangu unaikata kila nikipiga, kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu. Barua haikatiki.

Niingie kwenye jambo. Jana nilimpeleka mama zahanati kuchukua sindano zake za sukari. Dirishani wakaipitisha ile kadi yake ya wazee, ya dawa za bure, kwenye mashine, ikakataa. Wakatutuma ofisi ya ustawi wa jamii. Huko yupo bwana mmoja tunamwita Mhuri, maana hafanyi lolote bila kugonga mhuri, nadhani hata mkewe humwandikia kibali cha kupika. Akaigeuza kompyuta tuione. Imeandikwa: "Ana mtoto mwajiriwa anayemtunza kikamilifu." Jina lako, Kitinda. Na sahihi yako, ile yenye mkia kama wa panya.

Nikamwambia, bwana, huyu mtoto mara ya mwisho kumkumbuka mama yake ni mwaka juzi, alipomletea sweta. Akasema kadi ni ya wasio na mtu, na mama ana mtu. Mimi ninayemwogesha sihesabiki, kwa sababu kushona viraka kibarazani si ajira. Kadi itafunguliwa ukiandika kwa mkono wako kwamba humtunzi, na dole gumba chini yake. Mstari mmoja tu.

Dawa iliyobaki ni ya wiki tatu. Tuma kwa anwani ya nyumbani. Mleta barua hupita mchana nikiwa kazini, lakini mama yupo mlangoni siku zote.

Akusalimu sana. Anauliza kama unakula.

Ni mimi dada yako


26 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Na mama mpe shikamoo yake, mwambie nakula. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu.

Usikasirike kabla hujamaliza kusoma, nakujua. Hapa bohari, asiye na familia analazwa kwenye bweni, vitanda vinane, choo kimoja. Mwenye mtegemezi anapewa nyumba ya vyumba viwili, yenye jiko lake. Kwenye fomu palikuwa na nafasi: unamtunza nani? Nikamwandika mama. Nilijua karatasi itaishia kwenye kabati la bosi. Nani angefikiri kabati la bosi linaongea na zahanati?

Sasa niko kwenye majaribio mpaka Juni. Nikiandika huo mstari, nyumba inakwenda, na kwa uongo wa fomu huenda kazi nayo ikaenda. Tutakuwa tumepata nini?

Halafu tuseme ukweli, dada. Tutainyooshea serikali mkono mpaka lini? Waliosema mtegemea cha ndugu hufa maskini hawakukosea. Mtu ajibebe, na familia ibebe watu wake. Mama si wa kupanga foleni na wasio na watu, ana sisi. Nitamtunza mwenyewe kuanzia mwezi huu, na nilichoandika kitakuwa kweli. Nipe muda tu.

Wako, Kitinda


19 Aprili

Kitinda,

Natumaini u mzima. Sisi tupo.

Mtegemea cha ndugu hufa maskini, sawa kabisa. Ila ndugu mwenyewe ni wewe! Machi ilikuja pakiti moja ya dawa, tukapiga vigelegele. Aprili tunaangalia barabara. Mama amegundua ujanja wake: anajichoma nusu sindano, anasema mwili umezoea. Mwili haujazoea. Kidole cha mguu wa kushoto kina kidonda tangu mwezi jana, na hakifungi.

Niliwasumbua ofisini mpaka wakachoka na uso wangu. Wakakubali kumsikiliza mama mwenyewe, kwamba akisema mbele ya Mhuri na mashahidi wawili kuwa hana wa kumtunza, wataifikiria. Nilimfundisha njia nzima. Mama, sema tu, "Hanitunzi." Akaitikia, ndiyo mwanangu, ndiyo mwanangu.

Tulifika alfajiri, tukaitwa saa sita. Ukumbi umejaa, hata yule muuza mkaa jirani yetu yumo. Mhuri akauliza kwa sauti, kama mwadhini: "Mama, mwanao wa kiume anakutunza, hakutunzi?"

Mama akawatazama watu wote wale. Akanyoosha ile sweta yako, kaivaa na jua lile, akasema: "Mwanangu ananitunza sana. Hii ni yeye. Sijatupwa mimi."

Mhuri akagonga mhuri.

Njiani nilimfokea, Mungu anisamehe. Nilimwambia, umejiua kwa mdomo wako. Unajua alinijibu nini? "Nimemzaa, nikamsimamishe mbele ya watu nimvue nguo?" Kisha akaniomba tupumzike, mguu unamwaka moto.

Kwa hiyo umebaki wewe. Yeye hawezi kusema. Sema wewe.

Dada yako


9 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Sijui niulizeje hali, naogopa jibu.

Barua yako nimekaa nayo wiki saba. Nilikuwa naisoma mpaka pale penye sweta, naikunja. Sweta ile niliinunua mtumbani, dada, na nikaomba kupunguziwa. Na mama ameivaa mbele ya ukumbi mzima.

Juzi nilikwenda kwa bosi kabla sijaghairi. Nimemweleza yote. Kazi ameniachia kwa onyo, nyumba wameichukua siku ileile. Niko bwenini, kitanda cha juu, chini yangu kuna dereva anayekoroma kama mashine ya kusaga. Simu imeibwa usiku wa kwanza. Nastahili.

Karatasi ya Mhuri iko ndani ya bahasha hii. Nimeandika hivi:

"Mimi, mtunza bohari, mwana wa mwisho wa mama mwenye kadi hii, natamka kwamba simtunzi mama yangu. Katika miaka mitatu nimempa sweta moja na pakiti moja ya dawa. Niliandika uongo ili nipate nyumba. Anayemtunza ni dada yangu, naye hana uwezo."

Dole gumba liko chini. Ipeleke siku hiyohiyo, usingoje kesho. Mama usimsomee, nakuomba.

Kitinda


22 Julai

Wewe,

Leo sina salamu.

Jumatatu mama amekatwa mguu, chini ya goti. Kidonda kilikuwa kimepanda. Daktari aliniuliza kwa nini mgonjwa wa sukari amekaa miezi bila dawa kamili, nikakosa pa kuuficha uso. Ningemwambia nini? Kwamba ana mtoto mwajiriwa?

Tangu Aprili nasubiri mstari mmoja! Mwezi wa sita wote, kila jioni nikirudi namuuliza, mama, mleta barua kapita? Ananijibu, "Kapita, hana chetu. Mwenzio ana kazi nyingi, usimsumbue." Mpaka wodini anakutetea. Sweta hataki kuivua, wauguzi wamemwachia.

Lala salama kwenye vyumba vyako viwili. Siku akiondoka, usije ukalia mbele yangu.

Sitii jina


30 Julai

Dada, nilituma!

Naapa kwa Mungu, nilituma tarehe tisa Juni, kwa rejesta. Stakabadhi ninayo mkononi. Nimekwenda posta leo, wakafungua daftari lao: imepokelewa nyumbani tarehe kumi na nne, na aliyepokea ameweka dole gumba. Sina nyumba wala vyumba viwili, dada. Uliza majirani, tafuta chini ya mkeka, tafuta popote. Nimeomba ruhusa, wamesema mpaka wiki ya pili ya Agosti. Mwambie mama anisubiri.

Kitinda


6 Agosti

Mdogo wangu,

Pole. Na mimi nipe pole. Mama ametutoka Jumamosi, tumemzika Jumapili. Barua yako ya mwisho nimeikuta mlangoni tuliporudi makaburini, kwa hiyo ujumbe wako hakuupata.

Ile ya Juni nimeipata. Muuguzi alinikabidhi mfuko wa vitu vya marehemu: kikombe, kitana, na sweta. Upande wa ndani wa sweta palikuwa na mfuko aliouongeza kwa mkono, mshono wake mbaya wa uzi mweusi ninaujua. Ndani mna bahasha yako, imefunguliwa. Karatasi imelegea kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Aliisoma, Kitinda. Unajua alivyosoma, kwa kidole, neno kwa neno. Halafu akaishonea ndani nisiione, na jioni akaniambia hana chetu.

Muuguzi akaniambia, "Kila asubuhi tukimfunga kidonda alikuwa anatusimulia mwanawe anavyomtunza."

Jana niliipeleka kwa Mhuri. Sijui kwa nini, labda nilitaka aniambie isingesaidia. Akaisoma mara mbili, akavua miwani. Akasema ingetosha, kadi ingefunguliwa siku hiyohiyo. Nikamwomba anirudishie karatasi. Akasema ikishafika mezani ni ya ofisi, akaigonga mhuri, akaitia kwenye faili la mama.

Nilikutukana, nisamehe. Ulichelewa, hilo siwezi kukusamehe leo, labda baadaye. Na yeye nimgombeze vipi sasa? Na mimi, niliyemfokea njiani akiwa na mguu ule?

Sweta nimeifua. Iko kwenye kamba, haijakauka. Njoo uichukue, mimi siwezi kukaa nayo ndani.

Dada yako