Chanjo ya Kosmas na Sahani ya Babu

Mjukuu wangu Agnetha, marahaba. Huku Maguu tunachuma kahawa, na shangazi yako amejifungua binti. Unauliza kama uje kumpakata, maana una kikohozi lakini umechanjwa. Hee, mwanangu! Swali hilo limenishtua upya.

Wakati ule wa korona, baba yako mdogo Kosmas alikuja kutoka Mbamba Bay. Alikuwa amechanjwa, mzima, ana mafua tu. Tukamkaribisha kwenye sengu, chakula chetu cha ukoo, tukala wote sahani moja. Babu yako alikuwa hajachanjwa. Juma halikuisha, akapelekwa hospitali, na hakurudi.

Tulipopimwa, Kosmas naye alikutwa na virusi! Nikamuuliza aliyetupima: "Daktari, huyu si alichanjwa?"

"Mama, chanjo ndiyo iliyomkinga asizidiwe. Kuambukiza inapunguza, haizuii kabisa."

Simlaumu Kosmas. Nani kati yetu alijua?

Nawe umefanya vema kuchanjwa. Ila kikohozi kiishe kwanza, ndipo uje. Siku hizi kwenye sengu kila mtu ana sahani yake. Ya babu yako bado naiosha.

Bibi yako.