Mpiga Picha wa Kutoka Tororo

Jumatatu, 3 Agosti 1964
Magauni mawili ya busuti tayari, la tatu bado mikono. Cherehani inakwama tena. Shemeji Wandera alikuja saa nne, akakalia kiti cha wateja mpaka saa sita, akamaliza karanga zangu. Tangu tumzike ndugu yake, mume wangu, anajiona ndiye mwenye nyumba hii. Leo ameamua kuhusu harusi ya binti yangu Nekesa: hakuna mpiga picha wa kulipwa. Binamu wa bwana harusi ana kamera, atapiga bure. Simpendi mtu huyu. Sijawahi kumpenda.

Alhamisi, 6 Agosti
Nimeziona kazi za huyo binamu. Harusi ya Sikuda wa kanisani kwetu, picha alipiga yeye. Bwana harusi hana kichwa. Ng'ombe wa jirani ametoka vizuri sana.

Dada yake Nekesa, Nafula wangu, alikufa miaka sita iliyopita. Hatukuwa na picha yake hata moja. Jana nilijaribu kuikumbuka pua yake. Nikashindwa. Mimi niliyemzaa! Sasa Nekesa anaolewa Kisumu. Naogopa, basi.

Jumapili, 9 Agosti
Kikao cha ukoo baada ya misa. Wandera akasimama mbele ya wazee: "Huyu mama nataka mtu wa Tororo. Sisi ni Wazungu? Kamera iko! Ya bure!" Wakacheka. Nikawaambia rahisi ni ghali. Wakacheka tena. Nikawakumbusha kwamba suruali ya Wandera ya kuvaa harusini iko mezani kwangu, mguu mmoja umeshonwa. Bila mpiga picha, aje na mguu huo mmoja.

Kikao kikakubali.

Jumatano, 12 Agosti
Tororo kwa basi. Vumbi mpaka kwenye meno. Mpiga picha ni Bwana Pius, ana chumba karibu na stesheni. Ana majivuno. Nilimweleza ninachotaka: picha moja kubwa ya binti yangu, iwe na fremu na kioo. Akasema, "Naleta filamu moja, mama. Sirudii." Tumepatana malipo: nimshonee mapazia mapya meusi ya chumba chake cha kusafishia picha.

Suruali ya Wandera nimeimaliza. Nimeibana kiunoni. Makusudi.

Jumamosi, 22 Agosti
Wameoana. Nilishika adabu yetu yote. Mkwe akija huku, mimi naenda kule. Sikumtazama usoni, sikumpa mkono, kanisani nilikaa nyuma ya nguzo. Mama hali chakula mbele ya mume wa mwanawe, kwa hiyo nilikula jikoni na wanawake. Wakwe zetu walinisifu.

Huko jikoni nikamsikia Bwana Pius anafoka uani: "Mzee, toka! Bibi harusi peke yake!" Nikajua ni nani.

Jumatatu, 7 Septemba
Picha zimekuja. Picha ya Nekesa peke yake: Wandera yumo, tumbo mbele, kifungo cha suruali kimekatika. Nekesa na wasimamizi: Wandera. Nekesa na keki: Wandera. Mtu aliyemkataa mpiga picha hajaikosa picha yoyote ila moja, na hiyo ndiyo Bwana Pius ameikuza na kuitia fremu. Nekesa na mumewe, bega kwa bega. Nililia palepale mbele ya dereva wa basi aliyeileta. Nimeitundika juu ya meza ya chakula.

Jumanne, 8 Septemba
Niliketi nile. Nikainua macho. Mkwe ananitazama. Nilikimbilia jikoni na sahani yangu kama mwizi. Harusi nzima nilimkwepa mtu, sikuwaza picha yake. Leo nimekula jikoni mara tatu, na nyumba ni yangu!

Wandera amekuja, ameona, amecheka mpaka akakohoa. "Mama Nafula, mkwe nakaa sebuleni, weye nalala wapi?" Nilimfukuza. Nikashika mkasi nimkate yule mwanamume atoke pembeni mwa binti yangu. Nikauweka chini. Kuwatenga kwa mkasi watu waliooana juzi ni kuwatakia mabaya. Namchukia Wandera. Namchukia Pius na fremu yake. Mimi mwenyewe ndiye niliyeitaka.

Jumapili, 13 Septemba
Mvua tangu alfajiri. Sikwenda kanisani.

Kulikuwa na kipande kilichobaki cha gauni la Nekesa. Nimekipinda, nimekitia lesi, nimekining'iniza upande wa kulia wa kioo cha picha, kama pazia dogo. Mkwe yuko nyuma ya pazia na heshima zake. Kinaonekana kiganja chake tu, kwenye mkono wa Nekesa. Amemshika vizuri.

Nimekula mezani, polepole. Kwa mara ya kwanza nimemtazama Nekesa bila haraka. Ile pua ni ya Nafula. Ni ileile.