Nimeitwa Kumshuhudia Brandt

St. Louis, Jumanne

Mdogo wangu mpenzi Verlene,

Naomba radhi. Tangu Pasaka hujapata neno langu, nami ndiye niliyekufunza kwamba kuacha barua bila jibu ni utovu wa adabu. Natumaini goti lako limepata nafuu na joto la huko Mississippi halijakuzidi. Mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi umenikimbia.

Unamkumbuka Brandt, mtoto wa Kizungu wa nyumba ya jirani, aliyekuwa akila kambare mezani pangu mpaka mama yake aje kumtafuta? Sasa ni mtu mzima, naye anaghani rap. Muziki huo sijaupenda kamwe. Miaka yote niliyofundisha sarufi niliuona kama sentensi isiyo na kiima. Hata hivyo, kampuni moja ya muziki imemtaka kwa wimbo mmoja tu: wimbo juu ya mwanangu Cedric, jinsi polisi walivyomuua akibadilisha tairi kando ya barabara. Vijana wakiusikia hulia, Wazungu kwa Weusi.

Mtaa huu hauruhusu mtu kwenda kurekodi kabla hajasimama katika duara kwenye duka la kinyozi Lucius. Akimaliza kughani, mzee anayemjua husimama na kusema mbele ya wote kwamba maneno ni yake. Aliyebeba mistari ya mwenzake huzomewa, wala hapandi tena jukwaa mjini hapa. Jumamosi ni zamu ya Brandt, na mzee aliyemtaja ni mimi.

Nilipokwenda dukani kuuliza habari hiyo, nilikuta hakuna anayenyolewa kwa mabishano. Lucius alisema muziki huu ulizaliwa na watu walionyimwa kila kitu, iweje na huu nao uchukuliwe? Mmoja akamjibu, "We Lucius, dogo kakulia hapahapa, baridi yetu ndiyo iliyompiga, utamtoa wapi?" Lucius akacheka, mkasi mkononi. "Baridi kweli imempiga. Polisi je? Kambare wake mtamu, sikatai, ila mie nataka kujua nani kamvua." Kisha wakanigeukia wote. Mwalimu, wakasema, wewe ndiwe mwenye mwana. Ukisema ndiyo, sisi ni nani? Nikawaambia nitafika Jumamosi.

Jioni nilimsimulia Kezia, binti wa Cedric, tukichambua mboga. Keti kwanza, Verlene. Mistari ile ni ya Kezia. Aliitunga mwenyewe, akaipeleka kwenye kampuni ileile, wakamwambia kwamba binti Mweusi anayemlilia baba yake si jambo jipya. Ndipo akampa Brandt, naye Brandt akakataa mara nyingi kabla ya kukubali. Nikamkemea mjukuu wangu kwa sauti ambayo sijaitumia tangu nistaafu. Hakuinua macho kutoka kwenye mboga. "Bibi, nikiimba mimi ni msiba wetu, akiimba yeye ni habari. Mie nataka jina la baba lisikike. Usiniharibie."

Kesho yake Brandt akaja, akasimama kibarazani bila kuingia, akasema lolote nitakalolisema ndilo litakalokuwa. Akadhani ananiheshimu. Amenitwika mzigo tu.

Nikisema kweli, wimbo utakufa, na mtoto niliyemlisha atazomewa mbele yangu. Nikisema uongo, Kezia atafutika katika msiba wake mwenyewe, na wale waliomkataa watakuwa wameshinda, tena kwa kinywa changu. Nilifikiri kusingizia ugonjwa; Lucius ameshatangaza kwamba kiti kitupu nacho ni jibu.

Kezia amenipigia pasi gauni la bluu, lile nililovaa tulipomzika Cedric, akalitundika kwenye mlango wa chumba changu. Siwezi kutoka bila kulisogeza kwa mkono.

Wasalimie shemeji Rufus na wote wa kwaya. Niombee, wala usinishauri, maana najua utakalolisema na ninajua jibu lake. Nitakuandikia nitakapokuwa nimeamua.

Dada yako,
Odessa